Shujaa Mwenye Majina Mawili Si Mnafiki

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa ziwani na riziki. Nalizaliwa Mombasa, nikapanda gari moshi hali ni kijana, nikashukia Kisumu kwa kazi ya miezi sita, na miezi sita hiyo imekuwa umri. Sasa nakaa Nyalenda, mtaa wa nyumba za mabati na za udongo ulio kati ya mji na ziwa, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha maji ya Mto Auji huingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Nayataja haya ili ndugu zangu mlioko Lamu, Malindi na Mombasa mjue kwamba jambo nitakalolieleza lawahusu ninyi pia, ingawa limetokea huku bara.

Jambo lenyewe ni hili. Katika chuo kimoja cha watoto huku kwetu, maalim alimnyang'anya mwanafunzi kitabu cha picha. Mtoto alikuwa akikichungulia wakati wa darasa, na kwa hilo maalim alikuwa na haki. Lakini alikifungua, akakipitisha macho, akauliza kinahusu nini. Mtoto akajibu kwa furaha kwamba ni habari za kijana mwenye majina mawili: mtaani ni mtu mmoja na redioni ni mtu mwingine, wala hapana ajuaye kuwa ndiye yule yule. Maalim akasema mbele ya watoto wote, "Mwenye majina mawili na sura mbili ni mnafiki. Hatutaki mafunzo ya unafiki humu."

Maneno hayo yalimchoma mtoto kuliko maalim alivyodhani, kwa sababu yeye mwenyewe ana majina mawili. Sitayaandika hapa, kwani ni mali yake. Itoshe kusema kwamba la kwanza ni la Kijaluo, alilopewa kwa kuwa alizaliwa usiku, na la pili ni jina la Mtume mmoja, alilopewa na baba yake, ambaye alikuwa mtu wa pwani kama mimi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyanya yake mzaa mama, ambaye si Mwislamu, ndiye anayemlea. Yeye humwita kwa lile la kwanza. Chuoni na msikitini huitwa kwa la pili. Tangu siku ile mtoto hakuonekana tena chuoni kwa muda wa wiki mbili, na nilipomwona njiani na kumwuliza sababu, aliinamisha kichwa akaniuliza, "Babu, kwani mimi ni mnafiki?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiri swali hilo, nami leo natoa maoni yangu, si kwa kumdharau maalim, bali kwa kuwa wako wengi wanaosema kama yeye, na wengi zaidi walio kama huyu mtoto.

KIJANA WA REDIONI

Kitabu kilichonyang'anywa kilikuwa toleo kuukuu la Shujaaz, karatasi zake zimekwisha kukunjamana kwa kupita mikono mingi. Kwa wasiokijua, Shujaaz ni kitabu cha katuni kilichoanza kutolewa Nairobi mwezi wa Februari, yaani mwezi wa pili, mwaka wa 2010, na shirika liitwalo Well Told Story. Kiliandikwa kwa Sheng, kikagawiwa bure ndani ya gazeti la Saturday Nation na katika vibanda vya M-Pesa, na ndiyo maana kilifika hata katika mitaa kama wetu ambako fedha ya kununua kitabu aghalabu huishia kwenye unga na omena. Mwaka wa 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Shujaa wake ni Boyie, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule asipate kazi. Haruki angani wala hana kifua cha chuma. Uwezo wake ni mmoja tu: amejiundia kituo cha redio chumbani mwake, akaingia hewani bila ya ruhusa ya mtu, akajiita DJ B. Kwa jina hilo huwapa vijana wenzake mambo ya kuwafaa: namna ya kuanza biashara ndogo, haki zao kwa serikali, na hata namna ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Mchana ni Boyie, kijana asiye na kazi ambaye hapana amtazamaye mara mbili. Akishika maikrofoni ni DJ B, na nchi humsikiliza.

Wala hayuko peke yake. Wako Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja na mahali pake, na shida zake, na kisa chake. Watu hawa si mapambo. Ukiwaondoa, DJ B hubaki mtu anayesema na ukuta wa chumba chake, maana redio isiyokuwa na wenye shida wala wenye habari ni sanduku lenye kelele. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la majina mawili haliwezi kujibiwa kwa kumtazama shujaa peke yake. Yapasa kuwatazama na watu walio kandoni mwake.

UNAFIKI NI NINI?

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Twafundishwa tangu utotoni kwamba alama za mnafiki ni tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja ahadi, na akiaminiwa hufanya hiana. Katika tatu hizo sikuliona suala la kuwa na majina mawili. Mwenye nyuso mbili aliyekemewa ni yule anayewaendea hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule ili kuwagombanisha. Kosa lake ni fitina. Kuwa na jina la nyumbani na jina la msikitini si fitina.

Zaidi ya hayo, dini yetu yamsifu mtu atoaye sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue mkono wa kulia umetoa nini. Huyo naye anaficha. Lakini anaficha wema wake, hafichi ubaya wake, na tofauti baina ya hayo mawili ni kubwa kama ya usiku na mchana.

Nasi watu wa pwani hatukuanza jana kupenda hadithi za aina hii. Nani kati yetu hakusimuliwa habari za Harun Rashid, Khalifa wa Baghdad, anayevaa nguo za mfanyabiashara na kuzunguka mjini usiku ili ajue hali ya raia zake? Na je, hutoka peke yake? Hasha. Jaafar waziri yuko upande mmoja na Masrur yuko upande wa pili. Wawili hao wanajua ni nani aliyemo ndani ya nguo zile, nao wanatunza siri. Bibi zetu walitusimulia hayo barazani, na hapana aliyetuambia kuwa Khalifa alikuwa akitufundisha unafiki.

Hata hivyo, maalim ana hoja moja nisiyoweza kuikana. Kificho kinaweza kumdhuru mtu asiye na hatia, hasa aliye karibu. Mtazameni Superman, ambaye Wamarekani wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa mara ya kwanza mwaka wa 1938. Mchana ni Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mpole na mwoga. Pembeni yake amekaa Lois Lane, mwandishi hodari kuliko yeye, ambaye kwa miaka mingi alifanywa kama kipofu: mtu anayemtafuta ameketi meza ya pili, na kila siku anadanganywa. Mwaka wa 1991 ndipo waandishi walipomfanya Clark amweleze ukweli, naye Lois alikuwa amekwisha kuwa mchumba wake. Mimi nikimsoma Clark wa siku zile za zamani humwonea huruma Lois. Kumlinda mtu ni jambo jema, lakini kumlinda kwa kumfanya mjinga mwisho wake ni dharau.

Kwa hiyo swali langu si kama shujaa ana majina mangapi. Nauliza: majina hayo anayatumia kwa faida ya nani, na ni nani aliyeaminiwa kuyajua yote?

MAGERE WA KANO NA LIYONGO WA PWANI

Yule mtoto hakuanza kupenda mashujaa kwa kusoma Shujaaz. Alianza kwa nyanya yake. Ukitoka Nyalenda kuelekea mashariki waingia katika nchi tambarare ya Kano, na huko ndiko alikotoka Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa ukoo wa Sidho. Husimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ya Wanandi ikimpiga ilianguka chini. Adui waliposhindwa kwa silaha walimpelekea msichana mzuri awe mkewe. Siku moja Magere aliugua, akamwambia mke huyo asichanje mwili, bali achanje kivuli chake na kutia dawa pale. Mke alipokichanja akaona damu. Usiku ule alikimbilia kwao na habari hiyo, na vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kwenye kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo wenyeji hulionyesha hata leo. Hadithi yake imekwisha kuchorwa pia, katika mfululizo wa vitabu vya Pichadithi vya Terry Hirst vilivyotoka Nairobi katika miaka ya 1980.

Msomaji wa pwani, hebu niambie: hukumkumbuka Fumo Liyongo? Naye silaha haikumwingia. Naye alikuwa na siri moja tu, kitovu, na chombo kimoja tu, sindano ya shaba. Sultani wa Pate alipomshindwa alimrubuni mwanawe Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya cheo na ndoa. Mtoto akamwuliza baba yake ni kitu gani kitakachomwua, baba akamwambia, na mtoto akafanya kazi aliyotumwa. Mashujaa wawili, mmoja wa ziwani na mmoja wa bahari ya Hindi, watu wao hawakujuana, na wote wawili walikufa kwa siri iliyotoka ndani ya nyumba.

Lakini tusisahau nusu ya pili ya kisa cha Liyongo, maana twapenda kuikumbuka hiana kuliko uaminifu. Kabla ya kufa kwake Liyongo alifungwa gerezani, na aliyemwokoa ni nani? Ni mama yake, aliyeoka mkate wa wishwa akatia tupa ndani yake, na Saada, kijakazi aliyeuchukua mkate huo mpaka mlangoni. Walinzi walikula chakula chote kizuri alichokuwa akikileta Saada, lakini mkate wa wishwa waliudharau wakamwachia mfungwa. Liyongo akakata pingu huku watu nje wakiimba na kupiga vigoma, asisikike. Naye alipokufa amepiga magoti kando ya kisima, mshale upo utani, mji mzima uliogopa kuteka maji, na mtu pekee aliyethubutu kumkaribia alikuwa mama yake. Ninyi mliosikia kisa hiki mara mia, je, mmewahi kumsikia mtoto akisema akiwa mkubwa atakuwa Saada? Wote wataka kuwa Liyongo. Nami nasema bila ya Saada hapana Liyongo, ila mfungwa mmoja mwenye nguvu nyingi.

BINTI WA JERSEY CITY

Mjukuu wangu aliyeko Mombasa, aliposikia nazungumza mambo haya kwenye simu, alicheka, kisha akaniletea vitabu vya shujaa mmoja ambaye sikuwa namjua. Ni binti Mwislamu aitwaye Kamala Khan, wazee wake wametoka Pakistan, nao wanaishi Jersey City huko Marekani. Kampuni ya Marvel ilianza kutoa vitabu vyake mwaka wa 2014 kwa jina la Ms. Marvel, mwandishi akiwa G. Willow Wilson, naye pia Mwislamu. Binti huyu ana uwezo wa kubadili umbo. Na ajabu ni kwamba mara ya kwanza alipoupata uwezo huo, alijigeuza mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kwa kudhani kuwa shujaa lazima awe na sura ile. Baadaye aliona kwamba kuvaa sura ya mtu mwingine kunachosha wala hakumpi furaha aliyoitarajia, akarudi katika sura yake mwenyewe.

Nawaombeni mtazame watu waliomzunguka. Yuko Bruno, rafiki wa utotoni asiye Mwislamu, aliyeijua siri mapema akaitunza. Yuko Nakia, rafiki anayejifunga mtandio kwa hiari yake. Yuko kaka yake Aamir, mcha Mungu. Yuko Sheikh Abdullah wa msikiti wao. Wazazi walimpeleka kwake binti ili amwonye juu ya kutoka usiku. Kamala akamweleza kwamba anawasaidia watu, lakini hawezi kusema kwa namna gani. Sheikh hakumkemea wala hakumlazimisha kufichua. Alimshauri kwamba kama ameazimia, basi afanye kwa tabia njema, na atafute wa kumfundisha. Na mama yake, Muneeba, ambaye binti alimficha kwa woga miezi na miezi, siku binti alipokuja kuungama, mwaka wa 2015, alimjibu kwamba alikuwa amekwisha kujua. Alikuwa akijua na akinyamaza, akimlinda kwa kunyamaza kwake.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu, nikamkumbuka yule nyanya wa Nyalenda.

SANDUKU LA BATI

Baada ya sala ya Alasiri nilimwendea maalim. Nilimkuta ameketi nje ya msikiti, nikampa salamu, nikamweleza haya niliyokwisha kuwaelezeni. Alisikiliza kwa subira. Alitabasamu kidogo nilipomtaja Sheikh Abdullah, akasema hajapata kusikia sheikh katika katuni. Kisha akasema, "Mzee wangu, mimi nilisema juu ya kitabu. Sikumsema mtoto."

Nikamjibu, "Maalim, mtoto alikusikia kwa jina lake la pili, na akaumia kwa majina yote mawili."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza mtoto anakaa na nani, maana hakuwa akijua. Nilipomweleza, alivaa viatu vyake akaniambia tumfuate huko huko.

Tulimkuta nyanya uani akianua omena kabla ya kiza. Alitukaribisha kwa heshima, akaniita jaduong', kama Wajaluo wanavyomwita mzee, na maalim akampa kiti kilichokuwa kimoja tu, wakashindana kwa upole nani aketi, mwisho maalim akaketi. Hakutoa malalamiko. Aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akalifungua. Ndani mlikuwa na kanzu nyeupe ya mtoto imekunjwa, na kofia juu yake. Akasema, "Kila Alhamisi nafua hii, iwe tayari kwa Ijumaa. Sasa wiki mbili nimefua kanzu ambayo haikuvaliwa. Nimekosa nini?"

Mwanamke huyu hasali sala zetu. Lakini katika mwezi wa Ramadhani yeye ndiye anayemwamsha mtoto kula daku, na yeye ndiye aliyemwambia marehemu mkwewe kwamba jina alilomchagulia mtoto halitapotea nyumbani mwake. Amelihifadhi jina asiloliita. Hiyo ndiyo amana. Kama kungekuwa na hiana mahali hapo, basi ingalikuwa kumfundisha mtoto kwamba hana budi kumtupa nyanya yake ili awe mkweli.

Maalim aliitazama ile kanzu kwa muda. Kisha akamwita mtoto, kwanza kwa jina analoitwa na nyanya, tena kwa jina la chuoni, akamwambia mbele yetu sote, "Nilikosea kusema vile. Kesho uje." Mtoto akaitikia. Kile kitabu maalim hakukirudisha siku hiyo. Tulipokuwa njiani aliniambia kwamba bado hajamaliza kukisoma.

MAONI YANGU

Nasema hivi. Tusiwaogope mashujaa wa vitabu vya picha kwa kuwa wana majina mawili. Wengi wetu tunayo mawili, na matatu: la ukoo, la kazini, la barazani. Tuwafundishe watoto kuuliza maswali mawili nilioyataja: jina hili lamfaa nani, na nani ameaminiwa kulijua? Mtoto akiweza kuyajibu hayo, atamtambua mnafiki hata akiwa na jina moja tu.

Na kwa vijana wachoraji wa pwani nina ombi. Wako wanaochora vizuri sana siku hizi. Mchoreni Liyongo, wakati wake umefika. Lakini msimchore amesimama peke yake na upinde wake, kana kwamba alijizaa na kujiokoa mwenyewe. Mchoreni mama yake akikanda ule mkate, mikono imejaa wishwa. Mchoreni Saada akipita mbele ya walinzi, amebeba kapu, moyo wamwenda mbio na uso wake umetulia. Kisha mtuletee nakala huku Nyalenda. Yuko mtoto mmoja atakayeisoma, yuko maalim atakayeiazima, na yuko nyanya mmoja ambaye akisomewa habari za Saada hatahitaji kuelezwa mara mbili.